Suruali Nzima Aliyoifumua Fundi Pindo

Wajukuu zangu wa mtandaoni, mshawahi kumkuta mtu mzima kakaa kitandani na bukta, anafumua suruali yake mwenyewe kwa wembe?

Suruali nzima. Haina hata tundu.

"Mzee, umepatwa na nini?"

"Naifumua, mama watoto. Nikimaliza naishona."

"Halafu?"

"Halafu naifumua."

Nikacheka. Laiti ningejua!

Huyo ni mume wangu, fundi cherehani. Mtaa mzima walimwita Fundi Pindo, maana pindo lake hata livutwe na ng'ombe haliachii. Kibandani kwake chai ilikuwa umbea wa wateja, na chakula cha mchana ubishi wa mpira.

Macho yalipoanza kufifia, watoto wakakaa kikao. Msemaji kifungua mimba wetu.

"Baba, umetusomesha, inatosha. Watu watatucheka, eti baba yao bado anainamia cherehani!"

Kibanda kikafungwa. Cherehani akapewa mwanagenzi wake wa zamani. Nyumbani ikaletwa televisheni kubwa kama mlango.

Mwanzoni alifurahi, nisiseme uongo. Kisha ikawa anaamka, anavaa, anakaa. Akikaa, anasinzia. Chakula anakidonoa kama kuku mgonjwa. Ni siku hizo ndipo nilipomkuta na ile suruali na wembe.

Nikimwambia, "Kitendawili!", yeye aliyezoea kunipokonya jibu mdomoni, ananijibu, "Chukua mji," hata sijatega.

Tukampeleka kwa daktari. Akapima damu, akapima moyo.

"Sioni ugonjwa. Kwani kutwa anafanya nini?"

"Anapumzika!" akajibu kifungua mimba wetu, kifua mbele.

"Basi mpunguzieni hayo mapumziko."

Nikawakomalia mpaka cherehani ikarudi. Tukaiweka mbele yake. Akaipapasa kama kitu cha jirani. Mguu ukakanyaga, haukuwa na nguvu. Uzi ukagoma kuingia sindanoni, nikamtungia mimi.

Akautazama ule uzi, machozi yakamlenga.

"Mmechelewa, mama watoto."

Hakushona tena. Haukupita muda tukamzika, na ugonjwa wake hauna jina mpaka leo.

Mnadhani watoto walijifunza? Thubutu!

Wageni walipotawanyika tu, nikashika ufagio. Binti yangu akaudaka, analia kwa huruma.

"Mama, kazi basi! Unahamia kwangu. Wewe ni kula na kulala, kama malkia."

"Mwanangu, baba yako mlimpa hayohayo. Niachie ufagio."

Akageuka, akapiga kelele: "Kaka, njoo! Mama naye keshaanza!"

Nikauvuta kwa nguvu zangu zote za uzee, nikafagia. Vumbi likawajaa miguuni, na sikuwaomba radhi.

Nyie mliojaliwa wazazi, sikieni. Kabla hujamwambia mzee apumzike, muulize kesho ataamkia nini. Akikosa jibu, jua unamchimbia kaburi kwa koleo la upendo.