Fundi Aliyepanda Hadi Kwenye Barafu

Fundi cherehani wa Isevya huwapima watu suti huku akijicheka mwenyewe. "Mababu zangu Wanyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo," husema, pini mdomoni, "mimi Kilimanjaro nimebebewa hadi chupa ya maji!" Huonyesha alivyotambaa kwa magoti juu ya barafu, mpaka wateja washike mbavu. Jana mama mmoja akamuuliza, "Lakini kileleni ulifika, fundi?" Akatoa pini mdomoni. Ilibaki kama saa moja, alisema. Mpagazi wake akaanza kutapika na kuyumba, naye fundi akamshika mkono wakashuka pamoja. "Kumbe uliokoa mtu!" Fundi akainamia cherehani yake. "Mwokozi gani, mama? Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu anipe sababu ya kurudi."