Dimbwi Lililoachwa Likauke

Habari za kifo chake zilinikuta huku ugenini, kituo cha treni cha Parramatta, asubuhi, na kahawa mkononi ambayo sikuimaliza. Wengi wenu mlimjua kama yule mama wa Kitanzania, mtafiti, anayependa vyura kuliko harusi. Utani huo ulimchekesha hata mwenyewe. Ukimwalika shereheni na mvua ikanyesha, basi umemkosa: yuko karibu na bandari ya Port Botany, nyuma ya maghala ya makontena, mabuti yamezama topeni kwenye dimbwi ambalo mimi nilipoliona mara ya kwanza nilidhani bomba limepasuka.

Alianza kuyasomea madimbwi ya namna hiyo katika nchi ya baridi, kwenye mchanga na kokoto zilizosombwa na maji ya barafu kuu iliyoyeyuka zamani mno. Huku kwetu mchanga ni wa pwani, lakini alisema tabia ni ile ile. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Mvua ikikazana dimbwi hujaa, jua likizidi hukauka, na kwa kuwa hukauka, samaki hawakai. Vyura hutaga humo kwa sababu hakuna wa kuwala viluwiluwi wao. Jirani yake Mrundi, anayehudumia wazee kule Westmead, hakuyajua hayo. Siku moja alimfuata pale dimbwini na ndoo ya samaki hai aliowavua mtoni. "Dada, nimekuletea hizi samaki, maji yako ipate uhai." Marehemu aliishika ndoo kabla haijainama. "Kaka, uhai umo tayari. Hawa twende tukawakaange." Jioni ile tulikula ugali na samaki kwake, na yule bwana akachekwa mpaka akacheka mwenyewe. Tangu hapo walikuwa ndugu.

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili limeniudhi. Matangani, vijana wetu wenye nia njema walitaka kumuenzi: wapeleke maombi manispaa, dimbwi lichimbwe, liwekewe bomba lisikauke tena, litiwe samaki wa rangi na kibao chenye jina lake. Watu wakaitikia vizuri, vizuri. Mumewe akatikisa kichwa kukubali. Mfiwa hukubali lolote. Nilikuwa nafungua mdomo nigombe, yule Mrundi akanitangulia kusimama. "Mimi nilibeba ndoo, akanizuia. Leo hawezi kutuzuia. Mkitia samaki pale, tutakuwa tumemzika mara mbili." Mumewe akainamisha uso akalia, kisha akasema liachwe.

Sisi wahamiaji tumezoea kuona pengo na kukimbilia kuliziba. Mtoto akinyamaza tunampa simu, nyumba ikiwa tupu tunanunua kochi, mtu akifa tunatafuta cha kujenga. Nami ni hivyo hivyo. Nilitaka kuijaza safu hii sifa zake nikajiona nimemaliza kazi.

Juzi, siku ya arobaini yake, tulikwenda kule watu wachache. Dimbwi lilikuwa kavu, udongo umepasuka, malori yakinguruma nyuma yetu. Binti yake akauliza kwa Kiingereza mbona hapa hapana kitu, na baba yake akamjibu kwa Kiswahili, polepole, ili amwelewe: "Mama yako alikuwa akisubiri mvua." Kumpenda mtu, wakati mwingine, ni kuuzuia mkono wako. Tukasimama kidogo, hatukuweka kitu, tukarudi nyumbani.