Mashine ya Waliokaribia Kuua

Shemeji yangu ni fundi wa mageti. Mtaa mzima unamwita Bawaba, kwa sababu geti lake hufungwa kwa kidole kimoja wala halipigi kelele. Vibanda vyetu vimepakana. Mimi nashona nguo, yeye anachomelea vyuma, na kati yetu pana bati tu, kwa hiyo hatufichani kitu.

Mkewe alikuwa dada yangu. Aliuza mitumba stendi, akauawa kwa bomu pamoja na wateja wake. Aliyelitega alikuwa mtoto wa mwenye duka la dawa, kijana aliyesomeshwa hadi akachoka mwenyewe. Alikuja na gari la baba yake, akaliegesha kivulini lisipate jua. Hicho kivuli ndicho nisichokisahau hadi leo. Baadaye wajuaji wakasema alikuwa na uchungu wa wanyonge. Wanyonge gani, hao aliowaua?

Kesho yake ya bomu, kijana bado hajajulikana, polisi wakaja kumkamata nani? Shemeji. Ana mtungi wa gesi, ana vyuma, hana kitu mfukoni: basi ni yeye. Walimpiga hadi sikio moja likaziba, kisha wakamwachia bila hata pole. Akarudi, akamzika mkewe, akafungua kibanda.

Mwaka huu mashine yake ya kuchomelea iliungua. Bila mashine hakuna geti, na bila geti binti yake anaacha chuo cha uuguzi. Ndipo wakaja watu wa mradi. Walikuwa wamekaa hotelini wakafikiri sana, wakagundua kwamba ugaidi huletwa na umaskini na kuonewa. Kwa hiyo watagawa vifaa vya kazi kwa wale walio katika hatari ya kuwa magaidi. Si kwa maskini, nisikilize vizuri. Kwa maskini wanaokaribia kuua.

Mtaa ukajaa wauaji siku hiyo hiyo. Binamu yangu, tunayemwita Mheshimiwa kwa kuwa hajawahi kufanya kazi, aliingia ukumbini walikokuwa wakiandikisha watu, akalia kwamba kila akilala anaota moto. Mtu mwenyewe anaogopa kuku. Akatoka ameandikiwa mashine ya kuchomelea.

"Bawaba, usijifanye mjinga," alimwambia shemeji mlangoni. "Wakikuuliza habari za hasira, tia chumvi."

Niliingia na shemeji. Msichana wa mradi, mpole kweli, alikuwa akijaza majibu kwenye simu kubwa. Akamuuliza kama maisha ni magumu. Ni magumu. Kama amewahi kuonewa na serikali.

"Ndiyo," shemeji akasema, "na uliza kwa sauti, sikio lenyewe ndilo walilolipiga."

Msichana akafurahi, naapa, kama mchuuzi aliyeona mteja.

"Na mambo hayo yamewahi kukufanya ufikirie kudhuru watu?"

"Hapana."

"Hata kidogo, baba?"

"Nilikasirika. Nilikasirika sana. Nikarudi kazini."

Msichana akashusha sauti. "Baba, ukisema hapana, jina lako halipiti. Na mimi naona una shida."

Nikamfinya shemeji mkono. Nilitaka aseme ndiyo, yaishe. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na chuo hakingojei ukweli wa mtu. Shemeji akauondoa mkono wangu taratibu.

"Mwanangu," akamwambia, "aliyemuua mke wangu alikuja kwa gari. Mimi nilikwenda kumwokota kwa miguu. Huu mtaa wote una njaa, na wote tulikuwa upande wa kuzika. Sasa unaniambia njaa yangu haitoshi mpaka nitishie watu nayo?"

Msichana akainamia simu yake. Akabonyeza hapana.

Binti akarudi nyumbani na begi lake. Wiki hiyo hiyo wale watu wa mradi wakarudi kupiga picha za waliookolewa. Mheshimiwa alipowasha mashine yake akaishika waya kama anashika nyoka, na mpiga picha, ambaye si mjinga, akakata tamaa. Wakaileta mashine kwenye kibanda cha shemeji. Wakamwomba avae kofia yake ya kuchomelea, ile inayofunika uso, apigwe picha kama ndiye Mheshimiwa. Kwa kumshukuru, mashine ingebaki hapo hapo, yeye na Mheshimiwa wafanye kazi kwa ubia.

"Hata uso hautaonekana, Bawaba," Mheshimiwa akasema. "Unakosa nini?"

Shemeji aliitazama ile mashine. Ilikuwa mpya, nzuri, ya kazi hasa. Nami niliitamani kwa niaba yake.

"Chini ya picha mtaandika nini?" akauliza.

Mpiga picha akamsomea: "'Umaskini ulikuwa unanipeleka kwenye ugaidi.'"

Shemeji akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. Binti akakunja mikono ya gauni, akainama, akakamata mashine kwa mbele.

"Baba, shika huko nyuma," akasema.

Wakaitoa nje pamoja, wakaitua barabarani. Mheshimiwa akalalamika kwamba jua litaiharibu. Binti akarudi ndani, akamtafutia baba yake msumeno wa mkono, akamshikia chuma akate.