Punje Nilizomfichia Mfadhili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifanya usafi ulioniletea aibu kuliko uchafu wowote. Nakusimulia wewe uliyepata ufadhili juzi, maana naona umeanza kujifunza kutabasamu mbele ya waliokulipia.

Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo chuo kikuu, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Ruanda, hukuhuku Mbinga. Ada yangu ililipwa na Mama Kapinga, mjane aliyeanza maisha kwa kupandisha usipa, wale dagaa wadogo, kutoka ziwani hadi akamiliki duka mjini. Ndiye pia aliyegharimia utafiti wa mwalimu wangu, Dokta Komba, na shamba la majaribio kule Matiri. Sababu yake tuliijua. Kahawa ya baba yake iliozea mtini kwa chulebuni, ugonjwa unaoshika punje zikiwa changa, naye akaacha shule. Alitaka dawa ipatikane.

Katika shamba lile mistari mingine tuliipulizia dawa mpya, mingine tuliiacha makusudi bila dawa. Tofauti ya punje zilizooza ndiyo ingetuambia kama dawa inafaa. Kazi yangu ilikuwa kulitunza shamba hadi Dokta aje kuhesabu.

Nikaambiwa Mama atakuja naye. Basi, adabu za kwetu zikanipanda kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani humwonyesha mgeni uozo? Siku moja kabla hawajafika, nilipita kwenye mistari isiyopuliziwa nikachuma kila punje nyeusi, nikazifukia kwenye ngoro za jirani, yale mashimo tunayolimia milimani, chini ya maharage yake. Shamba likapendeza. Nilijiona mwerevu kweli!

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitembea kati ya mistari, akashika tawi, akapapasa vikonyo vitupu. Amekulia kwenye kahawa yule, ningemdanganyaje?

"Zilizooza ziko wapi?"

Nilisema yote. Dokta Komba alikaa chini palepale, kofia mkononi. Msimu mzima ulikuwa umepotea, na wakulima waliongoja jibu wangengoja mwaka mwingine. Nikajua masomo yangu yamekwisha.

Mama hakupandisha sauti. "Ningetaka kuona kijani, ningebaki kwangu nikatazama migomba. Baba yangu naye alikuwa akizichuma zilizooza kabla majirani hawajapita. Walipokuja kujua, shamba limekwisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akamgeukia Dokta. "Huyu asifukuzwe. Arudie mwakani, na ahesabu mwenyewe."

Ningechapwa fimbo nisingeumia kiasi kile.

Mwaka uliofuata nilihesabu mti kwa mti, punje kwa punje. Dawa haikufaa kitu. Nilikwenda dukani kwake nikiona aibu, maana amegharimia misimu miwili nami namletea habari hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wakulima wasiinunue?"

"Wasiinunue, Mama."

"Asante, mwanangu. Hicho ndicho nilicholipia."

Nililia mbele yake bila haya.

Sasa nisikilize. Anayekusomesha si mgeni wa kupangiwa sebule. Mshukuru, mwamkie, mpelekee hata jogoo ukipenda. Lakini siku atakapouliza kazi imefikia wapi, mwonyeshe na punje nyeusi. Utafiti ukishindwa, sema umeshindwa, kwa sababu yuko mkulima anayengoja neno lako kabla hajatoa senti yake ya mwisho. Nawe ukija kupata chako, somesha mtoto wa mwenzio, na usimdai sifa.

Mungu akupe mikono ya kazi na kinywa kisichoogopa, akulinde uendako na akurudishe kwetu mzima. Na ukija likizo, ukishaniamkia, nianzie na kile kilichokushinda.