Moshi wa Mdomoni

Nikinusa peasi bichi, hukumbuka wikiendi ile milimani kwa mama mdogo. Wazazi walikuwa wamekwisha kufariki. Mimi na mdogo wangu tulitoka Kariakoo na lori lililokwenda kuchukua kabichi. Mama mdogo alitaka mtoto abaki kwake. Nami, niliyeacha shule ili nimlee, sikuthubutu kukataa.

Asubuhi mtoto alitoka kwenda uani kwenye mipeasi, akarudi mbio ameziba mdomo.

“Dada, naungua ndani. Natoa moshi.”

Mama mdogo alicheka hadi akakaa chini. “Ni baridi tu, mwanangu. Huku wote tunatoa. Utazoea.”

“Nizoee kuungua? Dada, lori linaondoka saa ngapi?”

Mama mdogo alijifuta machozi ya kicheko, akanitazama, kisha akaenda kutuchemshia magimbi ya kula njiani.