Tulipolala Hifadhini na Bibi

Leo nimeanika godoro juani, na harufu ya sufi iliyopata joto imenirudisha kwenye pikapu ya baba.

Macho ya bibi, mama yake baba, yalikuwa yakififia, naye alitamani kuwaona tembo kabla hayajazima. Hema hatukuwa nalo. Baba, fundi magari pale Masumbwe, alitandika godoro la sufi nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu, tukaenda hifadhini. Askari alituonyesha pa kuegesha, karibu na kituo chao.

"Mlale humo humo," akasema. "Bibi, shikamoo. Usishuke mpaka kupambazuke."

"Marahaba, mwanangu. Nishuke niende wapi?"

Nililala kati ya baba na bibi, khanga ya bibi ikininukia tumbaku.

Alfajiri tukasikia matawi yakivunjika. Baba akafunua turubai kidogo. Tembo walikuwa karibu mno, hata matumbo yao yakinguruma tuliyasikia. Nilitaka kulia. Bibi akanishika mkono.

"Naona weusi tu," akanong'ona. "Niambie wewe."

Nikamwambia: sikio la mmoja limechanika pembeni, mwingine amekaukiwa na tope jekundu mgongoni, mtoto anapita chini ya tumbo la mama yake. Woga ukanitoka, maana ilibidi nitazame vizuri. Mpaka leo nashukuru kwamba kazi ile alinipa mimi.

"Wanaondoka, bibi."

Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

"Basi wasindikize," akasema. "Niambie mpaka wa mwisho."