Sinia Lililohamisha Mtaa

Nakumbuka siku nilipowakimbiza watu wa Jangwani na jua linawaka, mwanangu. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Jana ulinieleza vile vidude unavyovifunga bondeni. Kila kimoja kinapima maji na kumwarifu mwenzake, mpaka simu za watu zilie. Ukaniuliza, "Mama, kimoja kikikosea, vingine vitajuaje?" Basi nisikilize.

Sisi tulikuwa na masinia. Aliye karibu na mto akiona maji yanapanda, anapiga; jirani akisikia, naye anapiga, habari inapanda hadi Kariakoo. Adhuhuri moja, mimi msichana wa watu, nikasikia masinia huko chini. Nikalitwanga langu kwa mwiko. Lo! Magodoro kichwani, kuku kwapani, mtaa mzima mbio! Kumbe chini kuna harusi, akina mama wanampokea bwana harusi kwa kupiga masinia. Nao walipoona watu wanakimbia, wakakimbia, bibi harusi mbele. Pilau likabaki peke yake.

Bi Mwanaidi, mkubwa wa mtaa wetu, akaniita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maji uliyaona?"

"Nilisikia masinia."

"Ya kuambiwa changanya na ya kwako! Leo tumecheka. Kesho yakija kweli ukapiga, nani atatoka?"

Nililia, mwanangu, maana alisema kweli. Lakini hakuninyang'anya sinia. Alisema likilia peke yake watu wasitoke, mpaka la jirani liitikie. Tena kila jioni niende mtoni, nimwambie maji yamefika wapi. Naye, mbishi yule, anakwenda kuhakikisha.

Masika yakaja. Siku maji yalipopanda kweli, jirani yangu alikuwa sokoni. Nikapiga peke yangu. Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Mwanaidi, mjukuu mgongoni. "Tokeni! Huyu siku hizi anapiga alichokiona!" Wakatoka wote. Hatukupoteza hata kuku.

Basi vidude vyako uvifunze hivyo. Cha kusikia kisisemwe kama kimeonwa. Kimoja kikilia, kimuulize jirani. Na kilichokosea usikitupe, kuteleza si kuanguka. Kipime kwa habari ndogo ndogo kila siku, hadi kiaminike kwa kubwa.

Nenda, mwanangu, Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Na siku utakapolazimika kupiga sinia peke yako, akujaalie mtu wa kwanza kutoka.